Likizo Yetu ya Kwanza Wawili: Roketi, Nguva na Kijiji Kinachoitwa Harambe

Haya wapendwa, mnanisikia vizuri? Leo niko mezani jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, mume wangu yuko zamu ya usiku. Na hili hapa ni daftari letu. Ngoja nilisogeze mlione. Ukurasa huu mwandiko wangu, huu mwandiko wake. Video ya leo yote imo humu.

Kwa mnaonitazama mara ya kwanza, sisi tunaishi Houston, Texas, na ndoa yetu ina mwaka wa tano. Miaka yote hiyo, kila tulipokata tiketi ya ndege ilikuwa harusi au msiba. Likizo ya kuondoka tu, watu wawili, kwa sababu tunapendana na tumechoka, hatujawahi kuipata. Mwishoni mwa Januari, Mungu akipenda, tunakwenda Orlando, Florida, usiku saba. Tangu niseme hivyo wengi mmeuliza tunapangaje, tunaanzia wapi, ni pesa ngapi. Nitasema, lakini nianze na nilipokosea.

Nilifungua ramani. Kampuni ya Disney peke yao wana bustani nne za burudani pale: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kampuni ya Universal nao wana zao, ya karibuni kabisa ni Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025. Kuna SeaWorld ya wanyama wa baharini, kuna bustani za maji. Nikazipanga zote ndani ya siku sita, asubuhi hapa, jioni pale. Mume wangu akaisoma ile ratiba mpaka mwisho, akaniambia, "Mke wangu, hii ni likizo au ni mbio za mwenge?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimekesha siku tatu kuiandaa, na usiku ule tulilala bila kusemezana. Kesho yake akaja na daftari hili, akasema kila mtu aandike vitu vitatu tu ambavyo akivikosa atarudi nyumbani na kinyongo. Bila kuchungulia cha mwenzake.

Mimi niliandika Harambe, lile kasri la Magic Kingdom, na rola kosta, yaani kigari cha reli kinachopanda na kushuka kwa kasi, moja kubwa kweli kweli. Yeye akaandika roketi, ngome na nguva. Nguva! Miaka mitano nalala na mtu huyu sikuwahi kujua kwamba tangu utoto anatamani kumwona nguva. Na katika vitu vyake vitatu hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya bustani ya burudani. Ratiba yangu ya siku sita ilikuwa ya mtu mmoja.

Kwa hiyo tulianza upya kutoka kwenye kurasa hizi mbili. Hata msimu umetoka humu. Nguva wa Florida huingia kwenye chemchemi wakati wa baridi, kuanzia katikati ya Novemba mpaka Machi hivi. Blue Spring, kaskazini mwa Orlando, maji yake yana joto la nyuzi 22 mwaka mzima, na mto St. Johns ukipoa nguva wanakimbilia humo. Asubuhi ya baridi ndiyo bora, na unatakiwa uwahi kwa sababu magari yakijaa wanafunga geti. Mwishoni mwa Januari, basi, tuko ndani ya msimu wao. Msimu wa vimbunga, Juni hadi mwisho wa Novemba, umeshapita. Watu wa Krismasi na Mwaka Mpya wameondoka, na foleni zinapungua. Tunachopoteza ni bustani za maji, maana alfajiri za Januari joto hushuka hadi nyuzi 10, na hakuna kati yetu aliyeandika maji ya kuogelea.

Sasa Harambe. Najua mtakachosema, kwa sababu dada yangu ameshasema: mtu atoke Afrika Mashariki aende kuangalia twiga Florida? Dada, mimi nimekulia Tanzania na Serengeti sijaiona. Nyumbani kwetu hapakuwa na pesa ya kwenda mbugani, na watoto wengi tuliokua nao walikuwa hivyohivyo, wazungu wanashuka uwanja wa ndege wanapitiliza kwenda kuona wanyama wetu. Animal Kingdom wamejenga mji mzima wa kubuni, wakauita Harambe, na waliouchora walichota sura yake kwenye miji ya pwani yetu, Lamu hasa. Kwenye kuta kuna maandishi ya Kiswahili. Unapanda gari kubwa la wazi linaloitwa Kilimanjaro Safaris, unapita katikati ya wanyama wa kweli. Mimi nataka kusimama pale kwenye umati wa watu kutoka dunia nzima, na maandishi ambayo wao wanayaona mapambo mimi nayasoma kama barua kutoka nyumbani. Ndiyo maana Harambe niliiandika namba moja.

Karibu na hapo kuna hoteli ya Disney, Animal Kingdom Lodge. Sikilizeni majina ya majengo: Jambo House, Kidani Village. Mikahawa: Boma, Jiko, Sanaa. Kulala pale tumepiga hesabu, haiwezekani. Lakini kula unaruhusiwa hata kama hulali pale. Mkahawa wa Sanaa una madirisha yanayotazama uwanda ambao twiga na pundamilia wanapita, na wanasifika kwa mikate yao inayokuja na michuzi na chachandu za kila namna. Chakula kimoja pale, halafu tunarudi kulala kwenye hoteli yetu ya bei nafuu nje. Huo ndio uamuzi ninaoufurahia kuliko yote humu.

Pesa, maana hapo ndipo ndoa zinapotikisika. Tiketi ya siku moja kwenye bustani hizi kubwa inazidi dola 100 kwa mtu mmoja, na Disney bei inabadilika kwa tarehe. Ukinunua siku mbili kwa pamoja kila siku inashuka kidogo. Sisi Disney tumechukua siku mbili, Animal Kingdom na Magic Kingdom, bila ile nyongeza ya kuruka bustani hadi bustani siku moja. Hoteli ukiona bei nzuri usishangilie kwanza, kodi pale Orange County, ilipo Orlando, ni asilimia 12.5 juu yake, na hoteli nyingi zinaongeza ada ya huduma ambayo unaikuta mwishoni. Maegesho ya gari bustanini ni dola 30 hivi kwa siku. Tumeyaweka yote haya kwenye hesabu kabla ya kuweka hata soda, kwa sababu vitu vidogo hivi ndivyo vinavyowafanya watu wagombane mbele ya mashine ya kulipia.

Na ninyi wa nyumbani mnaotaka kuja: tiketi za Disney hazirudishwi pesa. Viza kwanza, iwe mkononi, ndipo uguse kadi ya benki. Nawaomba sana.

Kuna pia foleni fupi ya wanaolipa zaidi, inaitwa Lightning Lane. Wanaolala hoteli za Disney wanaweza kuinunua siku 7 kabla, sisi wa nje siku 3 kabla. Tutailipia siku ya Magic Kingdom peke yake. Animal Kingdom tutakuwa getini kabla hawajafungua, tuanze na safari wakati wanyama bado wako macho.

Magic Kingdom ina jambo ambalo ramani haikuambii: ukiegesha gari bado hujafika. Unapanda treni ya reli moja au feri kuvuka ziwa, ndipo unaliona lile kasri la mita 57 na ushee likitokeza. Tumetenga saa nzima ya njiani. Kasri lenyewe halina tofali hata moja, ni chuma, zege na nyuzi za kioo, lakini kilichonishika mimi ni habari ya ndugu wawili. Walt Disney alifariki Desemba 1966 kabla jengo halijaanza. Kaka yake Roy, mzee aliyekuwa anajiandaa kustaafu, akaahirisha kustaafu, akasimamia ujenzi, na akasisitiza mahali paitwe Walt Disney World ili jina la mdogo wake lisipotee. Wakafungua tarehe 1 Oktoba 1971. Desemba hiyohiyo Roy naye akafariki. Nitalitazama lile kasri nikimkumbuka Roy.

Roketi za mume wangu ziko Kennedy Space Center, kituo cha kurushia roketi, mwendo wa saa moja hivi kuelekea baharini. Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, iliondokea huko tarehe 16 Julai 1969. Wana Saturn V nzima, aina ya roketi iliyowapeleka watu mwezini, imelazwa chini, urefu wake zaidi ya mita 110, na chombo cha Atlantis kilichokwenda angani mara 33. Jengo la Saturn V linafikiwa kwa basi lao tu, na basi la mwisho linaondoka mapema kabla ya kufunga. Kwa hiyo tutaanza na huko, asubuhi. Anatamani tukute roketi inarushwa. Nimemwambia tukijaliwa sawa, lakini ratiba hatuifungi kwenye roketi, hizo zinaahirishwa mara kwa mara.

Kisha ngome. Siku ya nguva tutaendelea na barabara mpaka St. Augustine, mji ambao Wahispania waliuanzisha mwaka 1565. Ngome yao, Castillo de San Marcos, walianza kuijenga mwaka 1672 kwa mawe ya coquina, ambayo ni vigamba vya kombe vilivyoshikana. Mtu wa pwani akisikia hivyo anaelewa, Kilwa yetu nayo ilijengwa kwa mawe ya baharini. Waingereza walipoipiga mizinga, zile risasi zilididimia ukutani na ukuta haukupasuka.

Lakini mimi ninapopangojea kwa moyo ni kilomita tatu hivi kaskazini ya hapo, Fort Mose. Mwaka 1738 Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Waingereza walipewa na Wahispania mahali pale wajenge mji wao, watu huru, kwa sharti la kuwa Wakatoliki na kulinda mpaka wa Hispania. Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, mzaliwa wa Afrika Magharibi. Walitembea kwenda kusini kupitia vinamasi, wakitafuta uhuru. Hapo hatutapita mbio. Mume wangu aliposoma habari zao alinyamaza muda mrefu, akasema pale tutakaa mpaka tutosheke.

Rola kosta yangu? VelociCoaster, iliyoko Islands of Adventure, bustani ya Universal. Mita 47 juu, kilomita 113 kwa saa. Mume wangu hapandi, na nimeacha kumbembeleza. Kuna foleni ya wanaopanda peke yao, nitapita hapo peke yangu, yeye atakaa na kahawa yake. Kuna mtu aliniandikia kwamba likizo ya wapenzi lazima kila kitu mfanye pamoja. Sikubaliani. Mtu kumlazimisha mwenzake apande kitu kinachomtia hofu, ili picha ipendeze, hayo si mapenzi ninayoyataka.

Na Jumatano, oneni hapa, ni tupu. Nimechora mstari tu. Kwenye bustani hizi si ajabu kutembea kilomita 10 kwa siku, na tukiamka na nguvu labda tutapanda boti za Winter Park, zinazopita kwenye maziwa tangu mwaka 1938. Tusipoamka, basi. Nilitaka kuijaza mara mbili, na mara mbili amenishika mkono.

Sasa naagana nanyi, nahitaji kulala. Pale Sanaa nafasi za meza zinafunguliwa siku 60 kabla, na siku ya 60 ni kesho. Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi ya Florida, yaani saa kumi na moja alfajiri hapa Houston, huko kwenu itakuwa saa nane mchana. Mume wangu atakuwa bado njiani anatoka kazini. Ameniomba kitu kimoja tu: meza ya dirishani.