Dakika Saba Zilimtosha Mvuvi

Ndugu zangu, habari za jioni. Mmeniomba nieleze mambo sita ya kuendesha jioni za mazungumzo za kila mwezi: ukumbi, fedha, matangazo, vyombo, wasemaji na muda. Naanza na muda, na nikikawia hapo mniwie radhi, maana jioni za namna hii nilizoziona zikifa zote zilikufa kwa ugonjwa huo huo. Ukumbi hupatikana. Fedha ndogo ndogo hupatikana. Ila mtu mmoja akishika kipaza sauti dakika arobaini, mwezi unaofuata viti vinabaki vitupu, na hakuna tangazo litakalovijaza.

Jambo lenyewe mnalijua. Mara moja kwa mwezi, watu watano wanasimama mmoja baada ya mwingine kusimulia kitu wanachokipenda kwa moyo wote: fundi saa, mfuga nyuki, mama anayekusanya kanga za zamani, kijana anayehesabu ndege kwenye mikoko. Hawalipwi, na kuhutubia si kazi yao. Kila mmoja ana dakika saba. Saba, sio "kama saba hivi".

Kanuni hii sikuitunga mimi. Tokyo, mwaka 2003, wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha jioni za PechaKucha kwa sharti moja: picha 20, kila picha sekunde 20, na picha inajibadilisha yenyewe, umalize usimalize. Jumla dakika 6 na sekunde 40. Waliwajua wenzao: msanifu ukimpa picha zake na kipaza sauti, mtakesha. Seattle, mwaka 2006, wakaja watu wa Ignite, jioni za namna hiyo hiyo, wakapunguza tena: picha 20 kwa sekunde 15, dakika 5, basi. Toastmasters, watu wa vilabu vya kujifunza kuhutubia, ambao chimbuko lao ni California mwaka 1924, na ambao leo wana vilabu hata huku kwetu, humwonyesha msemaji kijani, njano, kisha nyekundu muda wake unapokwisha. Na mwanasayansi Michael Faraday, alipoanzisha mihadhara ya Ijumaa usiku pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1825, hakutaka ipite saa moja. Faraday huyo alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Sayansi aliiingia kwa kukaa ukumbini, akisikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy na kuandika kila alichosikia. Alikuwa msikilizaji kwanza, kwa hiyo alijua msikilizaji huchokea wapi.

Sasa, kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu mahali pasipo na saa, muda wote ni wa mwenye cheo. Tazameni shughuli zetu. Kuna meza kuu, kuna mgeni rasmi ambaye bado yuko njiani. Mshereheshaji anasema itifaki imezingatiwa, halafu kila anayesimama anaizingatia upya, jina kwa jina. Yule mama wa kanga, ambaye watu wamemjia yeye hasa, anaitwa saa tatu na nusu usiku, nusu ya ukumbi imeshaondoka kuwahi daladala, na sikioni ananong'onezwa, "Mama, tafadhali fupisha." Anafupisha. Anarudi nyumbani akiamini kwamba hajui kuzungumza. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona, na nimeliona mno. Dakika saba zilizo sawa kwa profesa na kwa muuza samaki ndizo zinazompa muuza samaki nafasi yake kamili, mapema, watu wakiwa bado na nguvu za kusikiliza.

Nitawapa mfano ambao walionisikia kabla wanaujua, wanivumilie.

Tanga kuna samaki anaitwa silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka duniani pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 aliponaswa mmoja Afrika Kusini. Na nani aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida? Marjorie Courtenay-Latimer, dada aliyekuwa akisimamia makumbusho madogo ya mji wa East London, huko huko Afrika Kusini, asiye na shahada. J.L.B. Smith, ambaye dada huyo alimwandikia kuomba ushauri, alikuwa akifundisha kemia. Samaki walikuwa mapenzi yake. Mnaona? Hata habari kubwa kama hiyo ilipitia kwa wapenzi wa jambo. Sisi huku Tanzania, wavuvi walianza kuwapata mwaka 2003, na Tanga ndiko walikonaswa kwa wingi, katika jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa chini kabisa. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Basi kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi wa jarife aliyekwisha kustaafu bahari. Nilimwomba aje azungumze. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nitasema nini mbele ya walimu?" Nikamwambia aje tu tufanye mazoezi. Alianza baada ya swala ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikatukuta tumo. Alianza na kuzaliwa kwake, akaja kwenye ngalawa ya baba yake, kaskazi na kusi, deni la injini, ndoa ya kwanza. Samaki alitokea mwishoni, kwa sentensi mbili. Sikumkatiza. Kumkatiza mzee anapojieleza kwa mara ya kwanza ni kumfunga mdomo kwa mwaka mzima. Alipomaliza nikamuuliza jambo moja: "Babu, siku ile, mkono wako ulishika nini kwanza?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Magamba. Ilikuwa bado giza. Nilipoyapapasa yalivyokwaruza, nikajua huyu si chewa."

Nikamwambia, basi unaanzia hapo.

Tukabakiza mambo matatu: giza na magamba, nyama ilivyokuwa na mafuta hata hakuna nyumba iliyoimaliza, na kwa nini wavu wa papa ukishushwa karibu na miamba ya chini unamnasa samaki asiyetafutwa na mtu. Mengine yote tukayaweka kando, hata deni, ingawa deni lilikuwa tamu. Tukarudia wiki iliyofuata, akatumia dakika kumi. Tukarudia tena, akafika saba.

Jioni yenyewe hakuwa na picha hata moja. Alisimama, akafumba macho, akanyoosha mikono kuonyesha urefu, akaanza: "Giza. Nimeshika magamba." Ukumbi mzima ulikuwa wake. Alikaa chini kadi ya njano ikiwa ndiyo kwanza imeinuliwa. Kisha ikawa zamu ya maswali, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini walitega kina kirefu namna ile, huku juu samaki wapo. Mzee akajibu: samaki wa juu walikuwa wamepungua, na mimi nilikuwa na deni la injini. Deni limerudi! Tulilolikata kwenye mazoezi watu wamelidai wenyewe, na sasa wanalisikiliza kwa hamu kwa sababu wao ndio waliolitaka. Muda mfupi haukumpotezea mzee chochote. Mlinzi wa ukumbi alipokuja na funguo bado watu walikuwa wamemzunguka.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi ya mwendeshaji ni ipi, nawajibu ni yale mazoezi. Msimtumie msemaji ujumbe tu kwamba "una dakika saba, karibu". Kaeni naye. Mtafutieni pa kuanzia. Mwenye mapenzi na kitu chake anajua mengi mno, na huanzia mbali kwa sababu anawaheshimu wasikilizaji, anataka waelewe yote. Mtu wa pembeni ndiye anayeweza kumwonyesha mlango uko wapi.

Najua kuna anayesema kimoyomoyo: haya ni mambo ya Wazungu na saa zao, sisi baraza zetu hazina saa. Kweli, baraza haina saa. Lakini barazani ukimchosha mwenzio anakukata kauli, anabadilisha mada, au anaagiza kahawa nyingine. Ukumbini mwenye kipaza sauti hakatwi na mtu. Na nani kasema sisi hatujui kubana maneno? Malenga wetu wametunga karne kwa karne katika mizani kumi na sita kwa mshororo, nane na nane, mishororo minne kwa beti, vina mahali pake. Na mizani hazikuwazuia kusema walilotaka. Mizani ya kumi na saba ikizidi, wote wanaisikia. Dakika saba ni mizani zetu, tuzishike hivyo.

Mwingine atasema mkubwa hakatwi. Sawa, basi mwambieni kabla, uso kwa uso, na mpeni mazoezi kama wengine. Ofisi moja iliwahi kutuletea mtu mwenye hotuba ya kurasa nyingi. Tulimkaribisha akae na wananchi asikilize, akafanya hivyo, na aliondoka amefurahi. Meza kuu msiweke kabisa. Ikiwapo meza, atapatikana wa kuikalia.

Na yule anayetetemeka? Msimwache jukwaani peke yake, mhojini. Arusha, mwaka 2007, kwenye TEDGlobal, mkutano wa hotuba fupi, William Kamkwamba wa Malawi, kijana wa miaka 19 aliyejenga kinu cha upepo nyumbani kwao kwa vipuri vya baiskeli na mabaki mengine, hakupewa hotuba. Mwenyeji, Chris Anderson, alisimama naye akamuuliza maswali mafupi, naye akajibu kwa maneno machache. Dakika chache hizo ziliisambaza habari yake dunia nzima. Dada mwenye haya, babu asiyezoea kipaza sauti, wote wanaweza kuzungumza kwa njia hiyo.

Naona mwenyekiti ananitazama, niharakishe. Mtunza muda asiwe mshereheshaji. Awe mtu mwingine, akae mbele, na kadi zake zionekane. Maswali yaje mwishoni, baada ya wote watano, na anayesema "sina swali ila nina mchango" aombwe kwa upole aje mwezi ujao kama msemaji. Tarehe isihame: Alhamisi ya kwanza ya mwezi ni Alhamisi ya kwanza, mvua inyeshe isinyeshe. Ramadhani pekee sogezeni hadi baada ya Tarawehe. Anzeni saa moja na nusu, mfunge saa tatu, wanawake wengi watakuja na watarudi. Umeme ukikatika, endeleeni. Asiyeweza kuzungumza bila projekta hajamaliza mazoezi. Kiingilio msitoze. Kahawa na kashata vinunuliwe na wanaopenda, ila msemaji apewe nauli yake, hilo msilifanyie mjadala. Kurekodi nimekuacha, na matangazo pia.

Kabla ya kutafuta ukumbi, leo usiku kila mmoja wenu aandike majina matano ya watu mtaani kwake wanaokijua kitu na kukipenda, wasio na cheo chochote katika kitu hicho. Nendeni mkawaone hao kwanza. Karibuni maswali.