Kamati Inayothubutu Kusema "Hakuna"

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi. Wakubwa shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie watu wanaoongoza taasisi za hisani zinazohimiza uongozi wenye maadili. Nitachukua moja tu, Taasisi ya Mo Ibrahim, kwa sababu viongozi wake wamethubutu jambo ambalo kwetu ni zito: kumnyima mkubwa tuzo.

Mo Ibrahim ni mhandisi wa mawasiliano, mzaliwa wa Sudan. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya simu za mkononi, Celtel, na wazazi wenu wengi walikwangua vocha zake. Kampuni iliuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi hii. Tuzo yake ya uongozi bora Afrika ilipoanza ilikuwa dola milioni 5 kwa miaka 10, kisha dola 200,000 kila mwaka hadi mwisho wa uhai wa mshindi. Anayefikiriwa ni rais au mkuu wa serikali aliyeingia kwa kura, akaheshimu muda wa katiba, na aliyetoka madarakani ndani ya miaka mitatu iliyopita.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwenye fedha hamchagui mshindi yeye mwenyewe. Kazi hiyo ni ya kamati huru. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Kofi Annan. Baadaye akaja mzee wetu Dk. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa balozi Misri akiwa na miaka 22, kisha Katibu Mkuu wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001. Hebu fikirini. Kazi yake yote ilikuwa kukaa na marais, kuwabembeleza, kuwasuluhisha. Halafu huyo huyo ndiye atangaze kwamba safari hii hakuna aliyefikia kiwango! Mwaka 2012 hakuna, 2013 hakuna. Machi 2015, Nairobi, akamtangaza Rais Hifikepunye Pohamba wa Namibia kuwa mshindi wa 2014. Kisha tuzo ya 2015 na ya 2016, hakuna tena.

Wapo wanaosema hiyo ni kuiaibisha Afrika. Sikubaliani nao hata kidogo. Tuzo inayotoka kila mwaka, apatikane mtu asipatikane, ingekuwa posho.

Na wanapompata, wanampata mtu kweli. Wa kwanza, mwaka 2007, alikuwa Joaquim Chissano. Katiba ya Msumbiji ilimruhusu kugombea tena mwaka 2004, akakataa. Ndiye yule aliyesimama Addis Ababa mwaka huo huo, mbele ya wakuu wa Umoja wa Afrika, akahutubia kwa Kiswahili alichokizoea Tanzania enzi za ukombozi, wajumbe wakabaki wakihangaika na visikilizio vyao vya tafsiri.

Ila ile sharti ya miaka mitatu tangu kutoka madarakani inanisumbua. Mahamadou Issoufou wa Niger alipewa tuzo ya 2020 mara tu alipokuwa anamwachia kiti Mohamed Bazoum. Julai 2023 wanajeshi wakampindua Bazoum. Simlaumu Issoufou kwa mapinduzi yale. Lakini kukabidhi kiti ni siku moja. Kama taasisi za nchi alizoziacha ni imara, hilo huonekana baada ya miaka. Ningekuwa na sauti ndani ya kamati ile, ningeomba wasubiri angalau mitano kabla ya kumjadili mtu yeyote.