Njumu zipitie kwa mzazi

Walimu wenzangu, makocha, nanyi wazee mliotuheshimu kwa kuja, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie mipaka kati ya kocha na mchezaji mtoto. Habari za kushikana ovyo na kulala chumba kimoja kambini mnazijua, sitazirudia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na binti wa umri huo hata akisema amekubali, kukubali kwake hakumwokoi kocha mahakamani. Hapo hapana mjadala.

Mimi nataka tuongee kuhusu njumu.

Aliyefundisha timu ya shule anajua. Mtoto ana kipaji, kwao hali ngumu, anacheza peku. Kocha anatoa mfukoni. Leo njumu, wiki ijayo nauli, halafu chakula cha mchana, halafu vocha "ili nikupate kirahisi". Wengi wenu mmefanya hivyo kwa moyo safi, na kuna vijana wanaokula kwa mpira leo kwa sababu yenu. Lakini mtoto anahesabu. Siku kocha akimtaka jambo lisilofaa, anawaza zile njumu, ile nauli, na namba yake kwenye kikosi kinachokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Atamkataliaje?

Tazameni kesi ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Januari 2018, huko Michigan, zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa maelezo yao mahakamani, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Kambi ya timu ilikuwa kwenye ranchi Texas, wazazi hawakaribishwi. Makocha wakali, mabinti wanabaniwa chakula. Nani aliwapenyezea pipi na vitafunwa kwa siri? Nassar. Pale kambini yeye ndiye aliyeonekana mtu mwema! Na baadhi yao aliwadhuru kwenye matibabu mzazi akiwa chumba hicho hicho, yeye akijipanga kwa namna ya kumziba asione. Kwa hiyo kocha asinitambie kwamba mlango wake uko wazi siku zote. Aliyeko ndani anaweza kuuliza "unafanya nini hapo?" na akajibiwa? Kama hawezi, mlango huo haujasaidia kitu.

Sasa tufanyeje, tuache kuwasaidia? Hapana. Ukinunua njumu, mkabidhi mzazi au mwalimu mkuu, ziandikwe kwenye daftari la vifaa, mtoto azipokee kama anavyopokea jezi. Nauli vilevile. Ujumbe wa mazoezi uende kwenye grupu ambalo wazazi wamo, si saa nne usiku kwenye simu ya binti. Binti akibanwa na misuli, matroni awepo.

Na kikosi kichaguliwe na watu wawili, wote wasaini. Hili mimi naliona zito kuliko mengine yote, na ndilo tunalolipinga zaidi, maana kocha anapenda aitwe mwenye timu. Mtoto akijua hatima yake haiko mkononi mwa mtu mmoja, anapata pa kusimama anaposema hapana.

Namsikia mwalimu pale mbele ananong'ona kwamba huku ni kushukiana. Mwalimu wangu, kabla ya mechi waamuzi wanakagua njumu za kila mchezaji, hata za yule asiyewahi kupewa kadi maisha yake yote. Umeshaona nani amenuna?

La mwisho, namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure. Ibandikwe kwenye mabweni ya kambi kabla watoto hawajafika, na wakaelezwe matumizi yake na matroni, au mtu mwingine yeyote asiyehusika na kupanga kikosi.