Demani Tatu Upeponi

Wazee wangu, ndugu na dada zangu, asalaam aleikum. Naona manahodha wamekaa safu ya mbele. Basi leo walimu ni wao, mimi mkalimani tu.

Kijana mmoja wa hapa Lamu aliniletea daftari lake. Katika hadithi ya Kiingereza alikuta mtu anaelezwa kuwa “three sheets to the wind”, naye akaandika: mtu huyu ana mashuka matatu yanayopeperuka. Sikumcheka. Kamusi ndogo ndiyo iliyompoteza.

Kwa baharia wa Kiingereza neno lile “sheet” si shuka, wala si tanga. Ni kamba. Zamani sana lilihusu pembe ya chini ya tanga, kisha likabaki kwa kamba inayofungwa pembe hiyo, ile unayoikaza au kuilegeza kufuata upepo. Ninyi mwaiitaje?

(Sauti ukumbini: Demani!)

Naam, demani. Sasa kusi inavuma, demani imeponyoka, inakuwaje? Tanga linapigapiga, chombo hakishiki njia. Merikebu zao zilikuwa na matanga mengi, kila moja na kamba zake. Ziponyoke tatu kwa pamoja, merikebu itakwenda kama mtu anayeshika kuta za kichochoro usiku wa manane. Amelewa chakari, ndiyo maana yake. Mabaharia hata walipima kwa kamba: aliyechangamka kidogo alikuwa na moja tu. Msemo huu ulikuwa midomoni mwao tangu mwanzo wa karne ya 19.

Matumizi yake ni ya mzaha. Wamsema rafiki aliyetoka harusini akipepesuka. Usiuandike kwenye taarifa ya polisi. Na hesabu haibadiliki, hata awe amelewa vipi, siku hizi ni tatu.

Mimi napenda jinsi unavyoficha pombe. Nasi tunaficha: twasema “ameutwika”. Ameutwika nini? Ile “u” haisemi, na kila mtu ameelewa. (Msinitazame hivyo, nasimulia lugha tu.)

Mzee mmoja akanyanyua mkono. “Mwalimu, jahazi lina tanga kubwa, demani moja. Ukitia na la galme, ule mlingoti mdogo wa nyuma, mbili. Ya tatu mlevi wetu aitoe wapi?”

Nikamwambia, mzee wangu, hiyo aazime kwa Waingereza.