Chai ya maziwa na viungo, na utando uliokula kipindi

ZUHURA: Karibuni tena jamani, mi Zuhura, na yule mwingine mnamjua, yupo hapa anatafuna kitu mbele ya maiki.

BENI: Sitafuni. Namalizia kumeza.

ZUHURA: Anamalizia kumeza. Haya. Leo tuliahidi chai ya maziwa yenye viungo, ile ya kujipikia mwenyewe nyumbani, na nimeandika mambo manne kwenye karatasi. Ushaiona karatasi, Beni?

BENI: Nimeiona, ina namba na kila namba umeipigia mstari chini. Ntajitahidi.

ZUHURA: Ila kabla ya karatasi nisimulie ya Jumanne, maana ndo iliyonifanya nilete hii mada. Nimeenda kwa wifi yangu, simtaji, ninao mawifi wa kutosha kwa hiyo msihangaike kumtafuta. Nimekaa naye jikoni, anapika chai ya wageni, anamimina maziwa ya baridi kwenye sufuria, afu anachukua tangawizi mbichi ameshaitwanga, anaitumbukiza yote na maji yake, afu ndo anawasha jiko, tena moto mdogo.

BENI: Mama weee.

ZUHURA: Mi nimesimama hapo nayaona. Kwanza pembeni mwa sufuria zikaja chenga ndogondogo, kama huangalii vizuri unasema ni viungo tu, afu katikati maziwa yakaanza kuachia maji, yale ya njanonjano, dakika mbili mbele mabonge huku maji kule.

BENI: Na we umenyamaza.

ZUHURA: Ningesemaje? Mama mkwe yuko sebuleni, mlango uko wazi, kila neno linafika.

BENI: Ungesema tu, wifi, hebu.

ZUHURA: Wifi hebu, afu? Afu niwe yule aliyekuja kufundisha watu chai kwenye nyumba yao? Yeye mwenyewe kalaumu muuza maziwa, eti kamuuzia maziwa ya jana, na sebule nzima ikaitikia, ee siku hizi hamna maziwa, wakamsema huyo baba wa watu weee, chai ikachujwa mara mbili ikaletwa, tukanywa.

BENI: Na muuza maziwa hana kosa.

ZUHURA: Siku hiyo hana. Maziwa yaliyoanza kuchachuka nayo hukatika ukiyapasha, hilo kweli, ila yale niliyanusa yalikuwa mazima. Kosa ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, kinaitwa zinjibaini, kazi yake ni kukatakata protini, na ndani ya maziwa kuna protini inaitwa kaseini ambayo ndo inayofanya maziwa yakae pamoja yaonekane maziwa. Sa ukiweka tangawizi mbichi kwenye maziwa ya baridi afu ukayapasha polepole, unakipa hicho kimeng'enya muda wote kinaoutaka, kwenye joto kinalolipenda.

BENI: Kwa hiyo ukiwasha moto mkali unakiwahi.

ZUHURA: Unaweza ukakiwahi, unaweza usikiwahi, kwa nini ucheze kamari? Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, ichemke kweli, dakika tatu nne hivi, joto linakiua kabisa, baada ya hapo mimina maziwa hata ndoo nzima hayakatiki. Ya unga haina vurugu kama hiyo, ila ladha yake si ileile, tangawizi ikishakauka ukali wake unabadilika, inawasha zaidi kooni na ule ubichi wa harufu unapotea.

BENI: Sawa. Sa mi nina swali.

ZUHURA: Uliza.

BENI: Hiyo chai iliyochujwa mara mbili, utando wake, ile ngozi ya maziwa inayoganda juu, uliishia wapi?

ZUHURA: Beni, hapana.

BENI: Nauliza tu, dada yangu.

ZUHURA: Hapana, leo hapana, mara ya mwisho umeongelea utando watu wakaanza kututumia picha, mi nafungua simu asubuhi nakutana na utando wa mtu nisiyemjua.

BENI: Na zilikuwa picha nzuri! Kuna mmoja ule wake ulikuwa umekunjamana, una vidoa vya mafuta vya dhahabu juu, umeinuliwa na kijiko unaning'inia pande zote mbili...

ZUHURA: Nitatapika hewani.

BENI: Utando ndo chai yenyewe, mengine yote ni maji ya moto yenye rangi. Na watu wanadhani ni mafuta matupu, si mafuta. Maziwa yakipita nyuzi 70 hivi kuna protini zinafunguka, zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na zinashika na ile kaseini yako, na kule juu maji yanapotea kwa mvuke kwa hiyo zinakauka zikiwa zimeshikana, mafuta yananaswa humohumo. Ndo maana hata maziwa yaliyotolewa mafuta yanaweka utando, mwembamba tu, wa kusikitisha, lakini upo.

ZUHURA: Basi mtu asiyeutaka afanyeje? Maana wasikilizaji wenye akili timamu wanataka kujua.

BENI: Akoroge, asiache kukoroga. Au afunike, mvuke ukirudi, juu hakukauki. Mi nafanya kinyume, naepua, naacha wazi, nakaa pembeni nasubiri.

ZUHURA: Unasubiri kama paka.

BENI: Nasubiri kwa heshima. Na huohuo utando ndo unaofanya maziwa yamwagike, hilo watu hawalijui. Maji yakichemka mapovu yanapasuka, basi. Maziwa yakichemka mvuke unatoka chini unakuta juu kumefungwa, protini zinayashika mapovu hayapasuki, yanapandana, yanafura, we umegeuka kuangalia simu sekunde tu, jiko zima jeupe.

ZUHURA: Hapo sasa umesema kitu cha maana. Na ndo maana unaweka mwiko wa mbao juu ya sufuria, kwa kukatiza, mapovu yakifika pale yanapasuka.

BENI: Unasaidia kidogo. Haukuruhusu kuondoka jikoni.

ZUHURA: Haukuruhusu, hapana. Na sufuria iwe kubwa, msipike chai ya vikombe vinne kwenye sufuria ya vikombe vinne. Haya, namba moja kwenye karatasi, mpangilio. Unaanza na maji, unaweka viungo vyako, mdalasini kijiti, karafuu, iliki uliyoipasua, pilipili manga chembe chache kama unapenda ikuwashe, tangawizi, vinachemka. Afu majani ya chai, yanatokota mpaka rangi inakuwa nzito kabisa, yaani unaona hii ni dawa si chai, ndo unaleta maziwa, inapanda mara moja, unaepua unachuja.

BENI: Mi hapo sikubaliani.

ZUHURA: Na nini?

BENI: Na maziwa kuja mwisho. Maziwa yawepo toka mwanzo. Tangawizi sawa, ichemke kwanza na maji kidogo, nimekuelewa, ila vilivyobaki vyote viingie na maziwa, moto mdogo, vikae humo vizoeane. Harufu ya iliki na karafuu ni mafuta, Zuhura, na mafuta yanapenda mafuta, kwenye maji hayana pa kushika, kwenye maziwa yanapata pa kukaa.

ZUHURA: Na majani je? Majani yanataka maji. Kwenye maziwa yanatoa rangi kwa kujivuta, matokeo yake unaongeza majani, unaongeza muda, na ile iliki yako inakaa motoni nusu saa inapaa yote. Hiyo harufu unayoisikia sebuleni ukasema aaah chai inanukia, hiyo ndo imeshatoka, kwenye kikombe haimo.

BENI: Iliki haiishi kwa kunukia.

ZUHURA: Inaisha! Itoke wapi nyingine?

BENI: Iliyonaswa na mafuta haitoki kirahisi hivo. Na majani ukiyachemsha kwenye maji matupu kwa muda wote huo unatoa tanini yote, ule ukakasi unaokausha ulimi, wakati kwenye maziwa kaseini inaishika tanini hapohapo inapotoka, chai inakuwa laini.

ZUHURA: Inaishika hata maziwa yakija mwisho. Kaseini haina kinyongo, haiulizi mbona mmechelewa kuniita.

BENI: Si ileile.

ZUHURA: Ni ileile.

BENI: Umewahi kunywa yangu?

ZUHURA: Nimekunywa yako. Ni nzito.

BENI: Asante.

ZUHURA: Sikukusifia. Ni nzito mpaka unachoka katikati ya kikombe, ina ladha ya maziwa yaliyopikwa, ule utamu wa kupikwapikwa, viungo viko huko nyuma vinaitana. Mtu anataka akinywa asikie hii karafuu, hii tangawizi.

BENI: Mi sitaki kusikia karafuu peke yake, nikitaka karafuu nitang'ata karafuu. Nataka kitu kimoja kisichogawanyika. We unapika vitu viwili tofauti afu unavikutanisha mlangoni.

ZUHURA: Na navikutanisha vikiwa na nguvu zao zote.

BENI: Haya.

ZUHURA: Usiniambie haya kwa sauti hiyo.

BENI: Nimesema haya tu. Mi ntaendelea kupika ninavyopika.

ZUHURA: Na mi vilevile, na watu wapike vya kwangu.

BENI: Watu wanisikilize mimi, hasa wale wa utando, maana upishi wako hauna utando wa maana, maziwa yanapanda mara moja yanaepuliwa, utando utatoka wapi?

ZUHURA: Ndo lengo! Ndo faida yake!

BENI: Unaona? Kumbe ubishi wote huu ni utando. Huna hoja ya iliki, una chuki.

ZUHURA: Ninazo hoja zote mbili. Hebu twende, majani. Majani ya kutumia ni yale ya punje ndogondogo, ya CTC, yale yanayosagwa, kuchanwa na kuviringishwa kwa mashine, njia hiyo ilibuniwa Assam kule India miaka ya 1930, yanatoa rangi na nguvu haraka, maziwa hayayamezi. Ukichukua yale majani marefu ya kunywa mkavu ukayapigia maziwa na viungo umeharibu hela, hutayasikia kabisa.

BENI: Hapo nakubali.

ZUHURA: Wasikilizaji mmesikia, kakubali kitu.

BENI: Nakubali kwa sababu halihusu utando. Ila kuna msikilizaji kauliza, akitumia maziwa ya boksi, yale yanayokaa kabatini miezi, utando anapata?

ZUHURA: Huyo msikilizaji ni we mwenyewe.

BENI: Ni mtu kabisa, kaandika. Jibu ni kwamba anapata, ila hafifu, maana yameshapitishwa kwenye joto kali sana kiwandani na mafuta yake yamevunjwavunjwa yakatawanywa yasielee. Utando mnene unautaka maziwa freshi ambayo hayajachezewa, unayachemsha taratibu, unaacha yapoe bila kuguswa. Afu unaukusanya kwenye kibakuli kila siku...

ZUHURA: Kila siku?

BENI: Naweka kwenye friji, naongezea juu. Ukijaa nanyunyizia sukari na iliki kidogo iliyosagwa, nakula.

ZUHURA: Na mkeo anajua?

BENI: Ndo aliyenunua kibakuli.

ZUHURA: Mungu wangu. Kaka wa mitambo ananionyesha mkono hapa, sijui ni dakika tano au anasema inatosha.

BENI: Anasema naye anautaka.

ZUHURA: Ni dakika. Zimebaki dakika mbili na karatasi yangu nimefanya namba moja na robo. Namba mbili ilikuwa vipimo, namba tatu sukari iingie lini, namba nne maziwa ya mimea, watu wengi sana waliuliza ya mimea.

BENI: Vipimo sema haraka.

ZUHURA: Haisemeki haraka, karafuu peke yake inataka maelezo, ina nguvu kuliko zote, punje mbili tatu kwa sufuria ya familia zinatosha, ukizidisha ulimi unakufa ganzi. Mdalasini wa unga ukwepeni, unateleza, unafanya chai iwe na ute, wekeni kijiti. Iliki nayo...

BENI: Iliki iingie na maziwa.

ZUHURA: Usianze.

BENI: Sijaanza, namalizia tu.

ZUHURA: Ya mimea basi, kwa kifupi, ya soya yanaweza kukatika kwenye chai kwa sababu chai ina uchachu kidogo na ya soya hayauvumilii uchachu yakiwa motomoto, kwa hiyo yapashe pembeni kwanza afu mimina taratibu, usiyachemshe na majani. Unaona, Beni? Maziwa yanakuja mwisho.

BENI: Hayo ya soya. Mi naongelea maziwa.

ZUHURA: Hoja ni ileile!

BENI: Si ileile, na tena nimekumbuka, ya soya nayo yanaweka utando. Ukiyachemsha wazi unaanua juu shuka zima, watu wanaukausha wanaupika kabisa kama chakula.

ZUHURA: Zimeni maiki yake.

BENI: Ni kweli lakini, nenda katafute...

ZUHURA: Zimeni. Sukari tutaongea siku nyingine, au hatutaongea, sijui, kwaherini jamani, msitume picha.

BENI: Tumeni.