Gari ya Kwanza kwa Anayejifunza: Tuanze na Milima Yetu

ATUPELE: Karibuni wasikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini, na ninyi mlio mbali mnaotufuatilia. Leo hatuna mgeni. Maswali ya gari yamejaa kwenye simu mpaka tukaona tuyatengee kipindi kizima.

GWAMAKA: Shikamoo, dada Atu.

ATUPELE: Marahaba, mdogo wangu. Hebu soma lile la Mbalizi, maana limebeba na mengine yote.

GWAMAKA: Anasema hivi: "Mimi ni mwalimu, naishi Mbalizi. Nimeanza mafunzo ya udereva, leseni ya kujifunzia ninayo. Nimejibana, nina milioni tisa. Mume wangu anasema Passo, rafiki zangu wanasema IST, fundi wa mtaani anasema nitafute Carina. Naombeni mnisaidie."

ATUPELE: Kwanza hongera sana, mwalimu. Milioni tisa kwa kudunduliza si mchezo, ndiyo maana sitaki ipotee. Na ushauri wangu wa kwanza: usinunue gari ya milioni tisa.

GWAMAKA: Si ndiyo hela aliyonayo?

ATUPELE: Ndiyo, na yote akimpa muuzaji, gari ataihudumia na nini? Gari ya mkononi haiji imekamilika. Ukiichukua tu unaanza kubadilisha umiliki TRA, unakata bima, unamwaga oili, unabadilisha filta, pengine pedi za breki, pengine tairi mbili na betri. Asipobakiza kitu, ataendesha miezi kadhaa na breki alizozikuta. Mtu anayejifunza, kwenye milima hii, na breki asizojua historia yake! Mimi ningetafuta gari ya saba, saba na nusu, na hela iliyobaki isiguswe kwa jambo lingine.

GWAMAKA: Haya, hapo umenishawishi. Sasa ipi? Mimi niko upande wa mume. Passo ndogo, inaegesheka popote, haili mafuta.

ATUPELE: Passo ya injini ipi?

GWAMAKA: Zile za lita moja. Ndizo nyingi.

ATUPELE: Sawa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapata hewa pungufu kama asilimia 15 hivi kuliko ikiwa Dar, na nguvu inashuka kwa kiasi hichohicho. Chukua injini ya lita moja, silinda tatu, weka watu wazima wanne na gunia la mchele wa Kyela kwenye buti, halafu panda Mlima Nyoka. Nyuma yako lori, mbele yako lori. Itapanda, lakini itapanda inalia. Sasa mtu mgeni wa barabara anaingiwa na hofu, anaanza kufikiria kuovateki na nguvu ya kuovateki hana. Hapo ndipo ninapoona hatari.

GWAMAKA: Lakini kama maisha yake ni Mbalizi na mjini tu?

ATUPELE: Kama ni Mbalizi na mjini, peke yake au na watoto wawili, Passo inatosha kabisa, simpingi mumewe. Asishtuke tu akisikia injini inatikisika kidogo ikiwa imesimama. Silinda tatu ndivyo zilivyo. Ila walimu nawajua, likizo ikifika watu wanakwenda kwao. Kama kwao ni Rungwe ndani huko, au Chunya kwa njia ya Kawetere, aongeze injini. Lita 1.3 au 1.5.

GWAMAKA: Yaani umerudi kwa rafiki zake. IST.

ATUPELE: IST, au Vitz ya 1.3, au Raum, au Spacio. Na sababu yangu siyo kwamba kila mtu anayo. Sababu ni spea. IST ya lita 1.5 ina injini inayoitwa 1NZ. Injini hiyohiyo iko kwenye Spacio, Raum, Runx, Allex, Sienta, Probox, hata Premio na Allion za 1.5. Fundi wa Mwanjelwa ameifungua mpaka anaijua gizani. Kikiharibika kitu, unaletewa kipya au cha mkononi siku hiyohiyo. Tena inatumia cheni ya taimingi, si mkanda kama Starlet, kwa hiyo huna wasiwasi wa mkanda uliozeeka kukukatikia njiani.

GWAMAKA: Na Carina ya fundi?

ATUPELE: Carina ilikuwa gari nzuri, imara. Ila Carina TI, toleo lake la mwisho, ilikoma kutengenezwa mwaka 2001. Kwa anayejifunza naomba apate gari yenye umri mdogo zaidi, yenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga, na mifuko ya hewa inayofanya kazi. Fundi anaipenda kwa sababu yeye anaweza kuitengeneza. Mwalimu anataka ya kuendesha.

GWAMAKA: Nikuulize kitu kinachochanganya wengi. Dalali anakwambia "hii ni namba D, bado mpya". Namba inasema nini hasa?

ATUPELE: Asante kwa kuuliza, watu wanaumizwa sana hapo. Herufi za kwenye namba zinaonyesha gari imesajiliwa lini Tanzania. Hazisemi imetengenezwa lini. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, lakini utazikuta zina namba D, kwa sababu ziliingia nchini baadaye. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari. Soma kadi, halafu linganisha namba ya chasisi iliyoandikwa pale na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Herufi kwa herufi. Zisipofanana, ondoka.

GWAMAKA: Kwa nini watu wasiagize tu Japani?

ATUPELE: Kwa milioni tisa hesabu inabana. Bei ya kule ikishajumlishwa na meli na bima, unakutana na ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na gari ikishazidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30. Injini isiyozidi cc 1,000 inasamehewa ushuru wa bidhaa wa kawaida, ile ya mpaka cc 2,000 inatozwa asilimia 5. Halafu gari iko bandarini Dar, na wewe uko Mbalizi, zaidi ya kilomita 800, na leseni ya kujifunzia. Inabidi umlipe dereva aje nayo.

GWAMAKA: Kuna wanaopita njia ya mkato. Tunduma. Unaambiwa kuna gari ya IT, mwenyewe Zambia amekwama, inauzwa bei ya kutupa.

ATUPELE: Jamani, hapana. Gari ya IT iko safarini kwenda nchi nyingine, haijalipiwa ushuru wa hapa. Ukiinunua umenunua kesi. Ikikamatwa, gari hupati na hela imeondoka. Nasema hili kwa uchungu, maana wanaoangukia huko ni haohao wenye hela ya kujibana.

GWAMAKA: Tuje kwenye kukagua. Mwalimu amepata IST pale Kabwe, hapa hapa Mbeya, rangi inang'aa, muuzaji mchangamfu. Anaanzia wapi?

ATUPELE: Anaanzia na saa. Aende asubuhi mapema, na amwambie muuzaji asiiwashe. Akifika, aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, imeshapashwa, na ipo sababu ya kuipasha. Ikiwa ya baridi, vizuri. Sasa asikimbilie kuwasha. Afungulie funguo hadi taa za dashibodi ziwake. Taa ya injini, ya ABS, ya mfuko wa hewa, ya oili, zote lazima ziwake, halafu zizime zenyewe, nyingine baada ya kuwasha injini. Watu wengi wanaangalia taa iliyobaki inawaka. Mimi naogopa zaidi ile ambayo haikuwaka kabisa, maana mara nyingi kuna mtu ameificha.

GWAMAKA: Hiyo sikuijua, kwa kweli.

ATUPELE: Halafu awashe, aende nyuma kwenye bomba. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe, hapa tuwe makini, kwa sababu Uyole mwezi wa sita asubuhi kila gari inatoa mvuke mweupe, ni baridi tu. Aipe dakika kadhaa. Ukiendelea mzito hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Baadaye afungue kifuniko cha oili, aangalie chini yake. Akikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, aombe fundi wake aangalie kabla hajataja bei yoyote.

GWAMAKA: Na suala la thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto? Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa.

ATUPELE: Wanaitoa eti gari isichemshe. Kwa huku kwetu ni kosa zaidi, kwa sababu injini haifikii joto lake, inakula mafuta na inachakaa. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayomaanisha injini bado ya baridi. Aendeshe mwenye leseni, watoke Kabwe mpaka Uyole. Mkifika Uyole na bluu bado inawaka, thamostati haipo au imekufa. Siyo sababu ya kuikataa gari, ni kitu cha bei ndogo. Ila uliza kwa nini waliitoa. Pengine ilikuwa inachemsha kweli.

GWAMAKA: Tairi?

ATUPELE: Tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuonekana nzima na mpira umeshakufa. Na aingie uvunguni na tochi, kuna gari zilitoka sehemu za theluji kule Japani, kutu imekula chini wakati juu rangi imepakwa safi.

GWAMAKA: Makaratasi haraka haraka.

ATUPELE: Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na alinganishe na kitambulisho cha NIDA. Habari za "kadi iko kwa bosi" azikatae. Aingize namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki aone madeni, kwa sababu faini ni elfu thelathini kwa kosa, na zinarundikana. Mkataba mbele ya wakili, kisha TRA wote wawili na TIN zao. Bima ndogo ni lazima, lakini ajue inamlipa mwingine. Akijigonga mwenyewe kwenye nguzo ya geti, gharama ni yake.

GWAMAKA: Sasa tubishane kidogo. Mimi nasema achukue ya gia za mkono. Chuo kinamfundisha gia, mlima unataka gia.

ATUPELE: Na mimi nasema oto, kwa sababu mbili. Ukitaka gari ndogo nzima ya gia za mkono huku utaitafuta mpaka uchoke, mwisho utachukua mbovu. Ya pili, kubalansi. Asimame kwenye mwinuko, bajaji imembana nyuma kwa sentimita chache, klachi na breki na hendibreki vyote vinamtaka kwa wakati mmoja. Atajifunza, ndiyo, lakini ajifunzie kwenye gari ya chuo yenye mwalimu pembeni.

GWAMAKA: Oto ikishuka mlima inategemea breki tu. Zikipata moto je?

ATUPELE: Hapo ndipo watu wengi wa oto hawakufundishwa. Ile gia ina 2 na L, nyingine zina S au B. Kabla ya kuanza kushuka, punguza mwendo, shusha kwenye 2. Mteremko ukizidi, L au B. Injini yenyewe inaishika gari, mguu unagusa breki kwa vipindi. Ukiacha D na kukanyaga breki mfululizo, zinapata moto, pedali inalainika, na ukinusa utasikia harufu ya kuungua. Wakati wa kujaribu gari, mwalimu ahakikishe hizo gia zinaingia na zinashika kweli. Washuke nayo Mlima Nyoka kwenye 2. Ikitiririka kana kwamba iko huru, giaboksi ina tatizo, na giaboksi itakula akiba yote tuliyoisema.

GWAMAKA: Nimekubali, dada. Na mlima Kitonga, kule Iringa?

ATUPELE: Kitonga isubiri. Aanze Jumapili asubuhi mitaa ya Nane Nane, aweke alama ya L, akae na mtu mwenye leseni kamili. Akizoea, Mbalizi mpaka mjini, ila ujenzi wa njia nne umejaa michepuko na vumbi, asipite jioni. Akishapata leseni yake ndiyo ajaribu Tukuyu siku isiyo na mvua. Kitonga apande kwanza mara kadhaa kama abiria kiti cha mbele, aangalie madereva wanashusha gia wapi.

GWAMAKA: Mwalimu wa Mbalizi, umesikia. Ukipata gari ya kuangalia, tutumie mwaka wake, injini na bei kabla hujalipa, tuipitie pamoja.

ATUPELE: Na picha ya dashibodi funguo ikiwa imefunguliwa, injini bado haijawashwa. Ndaga fijo, tukutane wiki ijayo.