Mzee Hasemi "Nina Wasiwasi"

Shikamooni wazee wangu, nanyi mliowasindikiza karibuni.

Ni mara chache mzee aingie kwa daktari akasema, "Nina wasiwasi." Atasema moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, usingizi unakatika saa 8 za usiku na haurudi. Anapimwa moyo, hauna neno, anaambiwa, "Ni uzee tu, mama." Hapo ndipo tunapokosea. Wasiwasi hauji na umri kama mvi.

Sisemi moyo usipimwe. Upimwe, na dawa zote anazotumia mzee zitazamwe moja moja, maana hata dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, inaweza kumdundisha moyo mtu asiyeogopa chochote. Lakini wasiwasi usiozuilika ukimwandama kwa miezi 6, siku za wasiwasi zikiwa nyingi kuliko zile anazopata nafuu, huo ni ugonjwa na una tiba.

Nataka nikae kidogo kwenye hofu ya kuanguka. Mtu ameteleza bafuni mara moja, pengine hata hakuumia. Tangu siku hiyo anatembea ameshika ukuta, kisha hatoki, kisha hata kwa jirani haendi. Miguu isiyotembea hulegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayoanguka. Nasi watoto tunaongezea: "Kaa tu mama, usiinuke, nitakuletea." Nimelisema mimi mwenyewe, tena kwa mapenzi. Tunampokonya ufagio, tunampokonya na safari zake, halafu tunashangaa anashinda akiwaza. Afanye nini kingine?

Wengine hukimbilia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Usiku wa kwanza atalala, kweli. Ila mwili wa mzee huchelewa kuitoa, inalimbikizana, na asubuhi anaamka akiyumba. Yule aliyeogopa kuanguka sasa anaanguka kweli. Anayeitumia siku nyingi asiiache ghafla, ni hatari. Daktari ampunguzie polepole. Tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kuihoji hofu yake na kurudia kidogo kidogo alivyoviacha, huwafaa wazee pia. Msiambiwe wamechelewa kujifunza.

Kwa hiyo leo mkifika nyumbani msimuulize kama ana wasiwasi, atakataa. Muulizeni, "Siku hizi umeacha kufanya nini?" Halafu nyamazeni.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama, hebu tuambie.